Alikaidi Ishara

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, mto umejaa matope, kazi imesimama.

Alhamisi iliyopita, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nilipoteza kiti changu cha kreni. Dakika hiyo hiyo Chacha alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Nayaandika yote mawili pamoja kwa sababu yalitokea pamoja, ingawa ripoti imeyatenga. Langu liko ukurasa wa kwanza. La Chacha liko ukurasa wa tatu, chini kabisa, baada ya maelezo ya hali ya mtambo na kiasi cha mafuta yaliyobaki kwenye tangi.

Nina hasira. Naitaja mapema ili nisijifanye sina.

Ripoti ya ajali ina kurasa nne, na neno linaloniua ni moja. "Mwendesha mtambo alikaidi ishara ya kusimama." Alikaidi. Kwa kanuni hizi mpya za leseni, aliyekaidi hashiki tena kreni, si hapa wala mahali pengine popote nchini, mpaka anaingia kaburini. Asiyefundishwa ni habari nyingine: huyo anapelekwa kozi, miezi mitatu, halafu anajaribiwa upya. Kwa hiyo maisha yangu yote sasa yamekaa katikati ya maneno mawili, alikaidi na hakufundishwa, na ripoti inaondoka kwenda mjini na lori la Jumamosi saa sita mchana. Sasa hivi ni saa nane. Zimebaki saa arobaini na sita.

Nipange mambo kwa mstari, kama ninavyopanga mzigo kabla ya kuuinua.

Sikusoma zaidi ya darasa la nne. Ratili nilizijua kwenye mizani ya pamba, futi nilizijua kwa fundi seremala, na kreni nilifundishwa na Bwana Ajit, Kalasinga aliyekuja nayo kambini ikiwa bado na rangi yake. Miezi kumi na moja alinipakisha grisi tu. Mwezi wa kumi na mbili aliniambia nikae kitini lakini nisiguse kitu. Mwezi wa kumi na tatu nikagusa. Alipoondoka kwenda zake alimwambia msimamizi, huyu anatosha, na kweli nilitosha. Madaraja manne madogo tumeyamaliza, hili la mto mkubwa ni la tano, na hapa katikati nimekaa kwenye kiti kile miaka sita na miezi miwili, saa elfu saba mia tatu na kumi. Ninazo kwenye daftari, siku kwa siku. Hakuna aliyeniagiza niziandike. Jedwali la uzito nalijua bila kulitazama: mkono wa kreni ukiwa umetoka futi kumi, tani nane, futi ishirini, tani tatu na nusu, futi thelathini, tani mbili kasoro na moyo unadunda.

Chacha alikuwa mfunga mizigo wangu kwa miaka yote hiyo sita. Ni rika langu, tulitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo tunaweza kutukanana bila kuombana radhi. Yeye alifunga slingi, waya za kunyanyulia, kwenye mzigo, akarudi nyuma hatua nne, akanipigia ishara. Hapakuwa na mtu wa tatu. Mikono yake ilikuwa macho yangu.

Ishara zenyewe ndizo zilizotufikisha hapa, kwa hiyo nizieleze vizuri.

Bwana Ajit alinifundisha hivi: kidole juu, kikizunguka, inua. Kidole chini, shusha. Ngumi, simama. Alipoondoka, Chacha akapewa kazi ya kuashiria, na siku ya kwanza tu akagoma. Kwetu hunyooshei kidole ng'ombe wa mtu, hunyooshei mtoto, hunyooshei mtu aliye hatarini. Hata ukitaka kumwonyesha ng'ombe mmoja kati ya ishirini, unamwonyesha kwa ngumi. Siku ile watu wawili wa ng'ambo, upande wa Serengeti, walikuwa wamesimama karibu na mzigo. Chacha akaniita nishuke.

"Mura," akaniita kwa Kikurya, kama rika huitana, "pale chini kuna watu." "Nikiwanyooshea kidole halafu mzigo ukawaangukia, ukoo wao hautakuja nyumbani kwako. Utakuja kwangu."

"Sasa nitajuaje unataka niinue?"

Akafikiri kidogo. Akainua ngumi.

Basi ikawa hivyo. Ngumi juu, inua. Ngumi ikitikiswa, ongeza mwendo. Kiganja wazi kikitazama ardhi, shusha. Mikono ikipishana kifuani, simama. Kambi nzima ilizijua. Wapishi walizijua. Hata watoto waliokuja kutazama daraja siku za Jumapili walikuwa wakizicheza kando ya njia. Miaka sita hatukuvunja hata kucha ya mtu.

Hakuna aliyetukataza, wala hakuna aliyetuuliza.

Halafu ikaja kanuni kwamba kila mwendesha kreni awe na leseni yenye picha, na leseni inatokana na mtihani. Mimi sikuuchukia mtihani. Niandike ukweli, niliufurahia. Nilikuwa na kibali cha muda tu, karatasi iliyokunjwa mara nne, na nilitaka kitu kigumu cha kuweka mfukoni. Nilimwambia Bhoke, mke wangu, anitolee shati lile la kanisani.

Mkaguzi alifika Jumatano jioni, mtu mzima wa Kaunda suti ya rangi ya majani makavu. Alikuja na mpiga ishara wake, Ndugu Elisante, aliyemaliza kozi huko mjini na aliyevaa glavu nyeupe. Nyeupe kabisa. Wafanyakazi waliziangalia glavu zile kuliko walivyomwangalia yeye.

Alhamisi saa tatu tulianza na maswali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwita ni wewe? Umesoma mpaka wapi?"

"La nne."

"Na kreni umeendesha kwa muda gani?"

"Saa elfu saba mia tatu na kumi."

Akanitazama kana kwamba nimemtajia idadi ya nywele zake. Akaniuliza uzito wa mhimili wa chuma tuliopanga kuuinua. Futi ishirini na nne, kila futi ratili sitini. Nikamwambia elfu moja mia nne na arobaini kabla hajachonga penseli yake. Akaniuliza miguu ya pembeni ya kreni inawekwaje kwenye ardhi laini. Nikamwonyesha vigogo vya mbao nilivyokwisha kuviweka. Aliniuliza maswali kumi na mawili, nikayajibu kumi na mawili. La mwisho lilikuwa fupi kuliko yote.

"Ishara unazijua?"

"Kuliko jina langu."

Ndugu Elisante alikuwa pembeni, akatikisa kichwa kuridhika. Chacha akacheka, akasema kwa Kikurya kwamba jina langu lenyewe naliandika vibaya. Mkaguzi akaweka alama ya vema kwenye karatasi. Niliiona alama ile. Iliandikwa kwa wino wa bluu.

Nikapanda kitini.

Kwa kuwa Ndugu Elisante ndiye aliyekuwa akiashiria, Chacha alibaki na kazi ya kufunga tu. Alifunga slingi pande zote mbili za mhimili, akasogea. Elisante akanyoosha kidole juu akakizungusha. Hicho nilikielewa, ni cha Bwana Ajit. Nikaanza kuvuta taratibu ili slingi ikaze. Ikakaza kiasi. Hapo Chacha akaona waya mmoja umekaa vibaya kwenye kona ya chuma, akaingiza mkono auweke sawa. Alishafanya hivyo mara zisizohesabika, na mara zote hizo ishara ilikuwa kwenye mikono yake mwenyewe: ikiwa ndani ya slingi, basi haiko hewani, nami nasubiri.

Elisante aliuona ule mkono. Alifanya alichofundishwa. Akainua ngumi.

Niliiona vizuri. Hakukuwa na jua machoni, hakukuwa na vumbi. Ngumi nyeupe, juu, kando ya sikio lake. Nikavuta wenzo.

Akaitikisa. Nikaongeza.

Siwezi kuandika sauti niliyoisikia. Aliyeisimamisha kreni ile ni mpishi. Alikuwa anakuja na birika la chai, akalidondosha, akapishanisha mikono kifuani, nami nikaachia. Sekunde tatu, labda nne. Mkaguzi na kozi yake na glavu zake, na aliyenisimamisha ni mpishi.

Nasema na nitasema mpaka mwisho: sikukaidi.

Nilitii.

Bwana Sefu, msimamizi wa kambi, ndiye aliyefika wa kwanza kwa Chacha. Alivua shati lake akamfunga mkono, akambeba mpaka kwenye Landrova. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hapo mbele nitamwandika kwa namna nyingine. Siyo mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa karatasi.

Mkaguzi alinyoosha mkono niteremke, na nilipoteremka akataka kibali changu. Nikampa.

"Mzee," nikamwambia, "huku ngumi ni kuinua."

"Huku ni wapi?" akaniuliza. "Huku si Tanzania?"

Akakitia kibali changu mfukoni.

Ijumaa asubuhi nilikuta karatasi kwenye mlango wa stoo. Picha za mikono, kumi na mbili, na chini ya kila picha maelezo kwa Kiswahili kizuri. Ngumi ilikuwa ya tatu: "Simama." Watu walikuwa wameizunguka. Waraka wa ishara za mitambo, umetumwa kwenye kambi zote, usomwe mbele ya wafanyakazi na kubandikwa. Kwenye kona kulikuwa na muhuri wa kupokelewa kambini kwetu. Nikahesabu. Kutoka siku ya muhuri mpaka siku ya mtihani ni siku arobaini na tisa. Ukitoa Jumapili saba, zinabaki arobaini na mbili. Kila siku ya kazi tunahesabiwa majina asubuhi, na kila asubuhi Bwana Sefu anasimama mbele yetu na kusema lolote analotaka kusema. Amesema habari za majembe yaliyopotea. Amesema habari za usafi wa vyoo. Amesema habari za mkutano wa tawi. Asubuhi arobaini na mbili.

Nilikwenda ofisini kwake.

"Ndugu Mwita, waraka ulikuwepo," akasema kabla sijauliza.

"Wapi?"

"Mahali pake."

"Mlango ule tuliupaka rangi ya kijani wiki mbili kabla ya mgeni kuja, Bwana Sefu. Kopo nilishika mimi. Hapakuwa na karatasi. Na ile karatasi haina hata tone la kijani, na matundu ya pini ni manne tu, mapya."

"Unataka kusema nini?"

"Sisemi. Nauliza kama uliwahi kutoka kwenye droo."

"Tutaliangalia."

Nimemuuliza mara tano tangu siku ile. Mara tatu amesema tutaliangalia. Mara moja amesema nisubiri. Mara moja, jana, aliniuliza kama watoto hawajambo.

Nafikiri najua ilivyokuwa. Bahasha ilifika siku ya shughuli nyingi, akaifungua, akaona picha za mikono, akasema kimoyomoyo kwamba watu hawa wana miaka sita hawajaumizana, watafundishwa mikono? Akaiweka chini ya glasi ya chai. Alama ya duara bado ipo kwenye karatasi. Nadhani hata mimi ningefanya hivyo. Lakini mimi nisingekaa kimya mwenzangu akaandikwa mkaidi.

Jumanne nilidandia lori la mawe mpaka Tarime, hospitali. Chacha yuko wodi ya wanaume, kitanda cha pili kutoka dirishani. Mkono umefungwa mkubwa kama kichwa cha mtoto. Nilisimama mlangoni muda mrefu kuliko inavyostahili.

"Mura," akaniita, "umekuja kuhesabu vilivyobaki?"

"Nimekuja kukuona."

"Viwili. Gumba na hiki kidogo. Hesabu yako imekuwa rahisi."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikaanza kumwomba msamaha, nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, akanikatiza.

"Mimi hata nikitaka kukunyooshea kidole, sasa ninacho?"

Akacheka. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka pia, hajui hata anachekea nini. Mimi sikuweza.

Nikamweleza habari za neno lile, alikaidi. Nikamweleza kwamba ninachoweza kujitetea nacho ni kimoja tu, kusema ishara za kambi yetu zilikuwa nyingine, na kwamba ngumi kwetu ni kuinua. Na nikisema hivyo watauliza nani aliyezitunga. Hilo ndilo lililokuwa likinisumbua tangu Ijumaa. Kujiokoa kwangu kunapita juu yake.

Muuguzi alipita, akamwuliza kama amekula, akamjibu ndiyo, na sahani yake ilikuwa pale haijaguswa.

"Watasema Chacha amejikata mwenyewe," akasema.

"Watasema hivyo."

"Na ni kweli?"

Nilitazama dirishani, kulikuwa na mwanamke anaanika mashuka. Ningemdanganya kama ningekuwa na uongo mzuri.

"Ngumi ni yangu," akasema mwishowe. "Usiniibie. Andika jina langu, na uliweke mbele ya lako."

Nikatoa daftari, nikaandika nusu ukurasa, nikamsomea mara mbili. Hapo likatokea jambo ambalo sitalisahau. Mwaka jana Chacha alimaliza kisomo cha watu wazima, akapata cheti chake, akasimama mbele ya darasa na kusema kwamba kuanzia siku hiyo hakuna karatasi itakayoona tena dole gumba lake. Tulimpigia makofi. Alikuwa anaandika jina lake kila mahali, kwenye mbao, kwenye saruji mbichi, kwenye kifuniko cha sanduku la vyakula. Niliposhika daftari mbele yake alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akajaribu herufi moja, ikatoka kama mdudu. Akaitazama.

"Omba wino," akasema.

Muuguzi akatupatia kidau. Akaweka dole gumba la kushoto, akalikandamiza muda mrefu, halafu akageukia ukutani akasema amechoka.

Nilifika nyumbani, kijijini Genkuru, jioni, kwenye nyumba yetu mpya iliyopangwa mstari mmoja na nyingine zote. Bhoke alinipa maji, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilidhani atanihurumia.

"Yule mtu wa glavu alitoka mbali," akasema. "Wewe hesabu zote unazijua. Ulishindwa kumwuliza, kwenu ngumi ni nini?"

Maneno manne. Nimeyahesabu. Kwenu, ngumi, ni, nini.

Huu ndio ukurasa nisiotaka kuuandika, kwa hiyo nauandika sasa kabla mvua haijakatika nikapata kisingizio.

Nilijua. Bwana Ajit alinifundisha kwamba ngumi ni simama. Nililijua hilo miaka saba iliyopita, nikaliacha kwa kuwa Chacha alikuwa na sababu nzuri, na sikumwambia mtu yeyote mwenye kalamu kwamba tumelibadilisha. Mkaguzi aliponiuliza kama ishara nazijua, kulikuwa na nafasi ya kusema, tunazijua za kwetu, za kwako nionyeshe. Ningesema hivyo ningeonekana mtu wa la nne. Nilitaka nionekane mtu wa saa elfu saba. Nikajibu kwa ajili ya shati la kanisani.

Na kuna jambo dogo zaidi. Elisante aliponyoosha kidole kuinua, nilishtuka kidogo. Nilifikiri, huyu anatumia za Bwana Ajit. Fikra hiyo ilipita. Kama ningeishika, ningejua kwamba na ngumi yake itakuwa ya Bwana Ajit. Ilikuwepo, niliiona, ikapita, na mkono ukafanya ulichozoea.

Je, hiyo ni kukaidi? Nimejiuliza siku saba. Jibu langu ni hapana. Kukaidi ni kusikia na kukataa. Mimi sikukataa kitu. Lakini pia sikuwa msafi kama nilivyokuwa nikijisimulia Ijumaa, na Chacha hajui habari za fikra ile. Nitamwambia akitoka. Siyo kwa barua.

Kreni imefunikwa turubai. Nasikia atakuja mtu mwenye leseni mwezi ujao, wa kozi. Namwombea mema. Namwombea pia apate wa kumweleza kwamba upande wa kulia breki inashika kwa kuchelewa, kwa sababu hilo haliko kwenye kitabu, liko kwangu, na mimi nimekatazwa kuusogelea mtambo chini ya hatua ishirini. Niliongeza mbili kwa usalama. Ishirini na mbili.

Asubuhi hii niliandika barua. Nilichana kurasa tatu kabla ya kuipata. Nanakili hapa ili ikipotea huko, isipotee kwangu:

"Ndugu Msimamizi. Mimi Mwita, mwendesha kreni, naleta barua hii pamoja na maelezo ya Ndugu Chacha, mfunga mizigo, yaliyowekwa dole gumba lake hospitalini siku ya Jumanne. Ishara zilizotumika kambini kwa miaka sita zilitungwa na Ndugu Chacha na mimi. Ngumi ilikuwa kuinua. Kambi nzima ni shahidi, na aliyesimamisha mtambo siku ya ajali ni mpishi, kwa ishara yetu. Mkaguzi aliponiuliza kama najua ishara nilijibu ndiyo. Hilo ni kosa langu, naomba liandikwe kwenye ripoti, na niko tayari kupelekwa kozi na kuanza upya hata kwa kupaka grisi. Lakini sikukaidi, na Ndugu Chacha hakujikata. Waraka uliofika siku arobaini na tisa kabla ungetuonyesha sote wawili kwamba ngumi imekuwa kitu kingine."

Hapo niliweka kalamu chini. Nilimfikiria Bwana Sefu bila shati, akimbeba Chacha. Ana wake na watoto huko pwani anaotaka kurudi kwao, na karatasi hii inaweza kumchelewesha miaka. Nilifikiria kuifuta sentensi ya waraka. Halafu nikalifikiria dole gumba lile, lilivyokandamizwa. Nikaendelea:

"Sikuulizi ulikuwa na shughuli gani. Sikuulizi nani alaumiwe. Nauliza swali moja, mara ya sita: kabla ya Alhamisi ya mtihani, waraka ule uliwahi kusomwa au kubandikwa mbele ya wafanyakazi? Jibu liandikwe chini ya barua hii hii, kwa mkono wako na sahihi yako, likabidhiwe kwangu kabla ya Jumamosi saa sita mchana, lori halijawashwa. Lisipokuja, saa sita na dakika moja nitapanda lori hilo hilo na maelezo ya Chacha mfukoni, na swali hili nitaliuliza mjini, mbele ya mkaguzi, kwa sauti.

Usiandike tutaliangalia. Andika ndiyo, au andika hapana."